Wajibu Kabla ya Wimbo: Vyama vya Wenyeji katika Njia ya Unyanyembe

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja yapata mwaka 1880 na kufariki dunia mwaka 1950, alikuwa mtoto wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Kila mpenda taarabu visiwani analijua jina lake. Wengi wanajua pia kuwa mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Lakini upande wa babake hutajwa kwa neno moja tu, kisha hupitwa. Mnyamwezi katika midomo ya pwani amekuwa mpagazi: mabega, mzigo na vumbi. Ni nadra kuulizwa kama mabega hayo yalikuwa na kichwa juu yake, na kama watu waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi ukingoni mwa bahari walikuwa na taasisi zao za kufundishana, kusaidiana, kuzikana na kutunga nyimbo. Walikuwa nazo. Tena historia ya taasisi hizo ina somo kwa zama hizi, ambamo kuhifadhi utamaduni wa wenyeji kumekuwa kazi yenye ofisi, mihuri na taarifa za mwaka.

Ntalikwa ni kata iliyo katika Manispaa ya Tabora, magharibi mwa Tanzania, katika nchi ya miombo iliyojulikana zamani kwa jina la Unyanyembe. Katikati ya karne ya 19 nchi hiyo ilikuwa kitovu cha biashara ya bara. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walijenga matembe yao Kazeh na Kwihara. Burton na Speke walifika hapo mwezi Novemba mwaka 1857. Na mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa akiwangoja wapagazi. Kutoka hapo njia zilipasuka: moja ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Mtu aliyetoka Bagamoyo alitembea kiasi cha miezi mitatu ndipo aione Tabora. Miembe mikubwa inayosimama hadi leo pembezoni mwa njia hiyo huhesabiwa na wenyeji kuwa kumbukumbu ya misafara.

Hata jina la Wanyamwezi lilitoka njiani. Nyumbani kwao watu walijitambulisha kwa nchi za watemi wao, huyu wa Unyanyembe, yule wa Uyui, mwingine wa Ugunda. Watu wa pwani, walipowaona wakitokea upande wa machweo, ndiko mwezi mwandamo unakoonekana, wakawakusanya wote katika jina moja. Jina hilo walilipokea wakiwa safarini, na ndani ya safari wakalijaza maana. Ndiyo kusema kwamba Unyamwezi, kabla haujawa kabila katika daftari za wakoloni, ulikuwa namna ya kwenda pamoja.

Msafara haukuwa kundi la watu waliofungwa na mshahara peke yake. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani kwa misafara yao wenyewe mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wageni hawajaweka makao Unyanyembe, na taratibu zao ndizo zilizogeuka kuwa sheria ya njia. Mbele alitangulia kirongozi, amevaa manyoya na joho, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma yake walikuja wenye pembe, kisha wenye vitambaa na shanga, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mganga wa safari alikuwapo, na mpiga ngoma pia. Jioni ilipoingia, wapagazi waligawanyika katika kambi, yaani vikundi vya watu wachache waliopika chungu kimoja, wakalala chini ya kibanda kimoja na kubebeana mizigo pale mmoja alipougua. Posho ilipopunjwa, kambi zote ziliweka mizigo chini pamoja. Mgomo wa wapagazi ulikuwa silaha waliyoijua vema matajiri wa Kizungu na wa Kiarabu, nao waliuandika kwa uchungu mwingi, wakiuita uvivu au uasi.

Katika njia hiyo hiyo ulikua utani. Mnyamwezi aliyefia Uzaramo au Uzigua, mbali na ukoo wake, hakuachwa kwa fisi. Watani walimwosha, wakamzika, wakachukua walichostahiki katika vitu vyake, wakamfanyia mzaha hata maiti yake, ili wafiwa wapate kupumua. Pwani ya leo imeyashika matusi na vicheko vya utani, ikasahau kuwa msingi wake ulikuwa mkataba wa maziko. Utani ulitatua swali gumu kuliko yote kwa msafiri: nikifa hapa, nani atanishughulikia? Chama chochote kinacholijibu swali hilo hakihitaji kuhimiza watu wajiunge.

Haifai kuipamba njia hii. Kando ya wapagazi walioajiriwa walipita watumwa waliofungwa minyororo, na baadhi ya matajiri wa Unyanyembe, Waarabu kwa watemi, walishiriki biashara hiyo. Wapo Wanyamwezi waliofika Unguja kwa hiari na wapo walioletwa. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa inaeleza uzito wa chama. Katika dunia ambamo mtu asiye na wenziwe angeweza kuuzwa, kuwa na wenzio lilikuwa jambo la uhai.

Nyumbani Unyamwezini, na kwa ndugu zao wa kaskazini Wasukuma, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kinyamwezi, kulikuwa na vyama vya aina nyingine. Wayege walikuwa wawindaji wa tembo. Wao ndio waliokuwa chimbuko la pembe zilizoitajirisha Zanzibar, na walikuwa na nyimbo zao, dawa zao na miiko yao. Wanunguli waliwinda nungunungu, wakiingia mashimoni kuwatoa wanyama hao wanaoharibu mashamba. Wayeye walikuwa mafundi wa nyoka: waliwajua kwa majina na tabia, waliwashika kwa mikono, waliwachanja watu dawa ya kuzuia sumu, na waliwatibu walioumwa. Waswezi walikuwa watu wa pepo na mizimu, wenye uhusiano wa asili na imani za nchi za Maziwa Makuu.

Vyama hivi vilifanana katika mambo manne. Kwanza, mtu hakuzaliwa ndani yake, aliingia. Alitoa kiingilio, akafundishwa, akapita madaraja, akapewa maneno ya siri ambayo asiye mwanachama hakuyaelewa. Pili, kila chama kilikuwa na kazi ambayo jirani asiye mwanachama aliihitaji. Kijiji kizima kilimtegemea Myeye siku nyoka alipouma. Tatu, mwanachama alipopatwa na msiba, wenziwe walifika na ngoma yao, wakamzika kwa taratibu zao. Nne, mipaka ya watemi haikuvizuia. Myeye wa Unyanyembe alipokwenda nchi ya mtemi mwingine alipokewa na Wayeye wa huko kama ndugu, hata kama watemi wao walikuwa vitani, na miaka ya Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, ilikuwa na vita vingi.

Jambo la kwanza kati ya hayo manne lina uzito kwa swali linaloulizwa siku hizi kila mahali: mwenyeji ni nani? Katika nchi nyingi duniani, kutoka Marekani hadi Australia, vyama vya wenyeji wa asili hupambana ili viongozwe na watu wao wenyewe, na mara nyingi hulazimika kuthibitisha uenyeji kwa damu na nasaba. Tabora ilikuwa na Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu, Wasukuma, Watusi na watu wa pwani, wote wakiishi pua kwa pua. Mji wa namna hiyo ukiuliza damu, hautapata jibu. Vyama vyake viliuliza jambo jingine: umefundishwa nini, umetoa nini, na ukiitwa usiku utakuja? Aliyejibu vizuri alikuwa wa ndani.

Na wimbo je? Hapa ndipo mpenzi wa mashairi anapopaswa kusimama kidogo. Katika vyama hivi wimbo ulikuwa chombo cha kazi. Mafunzo ya Wayeye yalibebwa na nyimbo, kwa kuwa jina la nyoka na tabia yake havisahauliki vikishatiwa mahadhi. Wapagazi walitembea kwa wimbo wa kupokezana, kirongozi akianza na kundi likiitikia, kwa sababu miguu mia ikienda kwa mapigo mamoja mzigo hupungua uzito. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hakuwa mtumbuizaji wa kukodiwa. Alikuwa ofisa wa chama: ndiye aliyeweka kumbukumbu, aliyewasifu waliotimiza wajibu, na aliyewaumbua wakwepaji mbele ya hadhara.

Ufundi huo ulifikia kilele katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vikubwa vya ngoma vilivyoigawa Usukuma na kuenea hata kwa majirani zao. Pande mbili zilicheza uwanja mmoja, siku moja, kwa saa moja, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Dawa za mvuto zilitumika, kejeli zilirushwa, na tungo mpya zilitungwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa sana. Ameiona pwani ikigawanyika Marini na Arinoti wakati wa ngoma za beni, na anaijua historia ya vikundi vya taarabu vya Unguja tangu Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, pamoja na ushindani, vijembe na mapenzi yaliyofuatana navyo. Pale wanachama walikutana kwa ada yao, wakanunua ala zao, wakasaidiana katika harusi na matanga. Bara na pwani hazikuwa dunia mbili. Zilikuwa zimezoea dawa moja, yaani kuufanya ushindani wa sanaa kuwa sababu ya watu kushikamana.

Reli iliifunga njia. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa katika muda mfupi. Ingetarajiwa kuwa vyama vilivyozaliwa na kazi ile vingekufa nao. Havikufa, kwa sababu wajibu ulihamia kwenye jembe. Vijana waliokuwa wakienda pwani waliunda vikundi vya kulima kwa zamu, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, wakilima kwa ngoma na kurusha majembe hewani. Hao ndio Bagobogobo, ambao ngoma yao huchezwa hadi leo. Kwa Wasukuma kundi la vijana wa kijiji lilikuwa na kiongozi wake, nsumba ntale, aliyepanga kazi, akapokea malipo, akaamua faini kwa wasiofika. Kirongozi alikuwa amebadili mavazi tu.

Katika miaka ya 1950 mazoea hayo yalizaa jambo kubwa. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi isiyosema kweli. Wakajikusanya katika vyama vya msingi, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu, Victoria Federation of Cooperative Unions, ambacho Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Ndani ya miaka michache kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika. Waliosifu mafanikio hayo waliyaeleza kwa elimu ya kisasa ya ushirika. Lakini mkulima aliyejiunga hakuwa mgeni wa kiingilio, faini, zamu na mkutano. Alikuwa amevijua kabla hajaona risiti.

Kwa upande mwingine, watawala na wamisionari walianza kuvitazama vyama hivi kama vitu vya kukusanya. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, aliandika juu ya Wayeye mwaka 1946, na baadaye juu ya utemi na sheria za Kisukuma. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma, akisaidiwa na wazee wa nchi. Ngoma, viti vya enzi, na vifaa vya vyama vikawekwa pamoja, na mashindano ya Bagika na Bagalu yakapata uwanja katika sherehe ya Bulabo ya mwezi Juni. Kazi hiyo inastahili shukurani, kwani bila yake mengi yangepotea. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya ngoma iliyotundikwa ukutani na ngoma inayomwita mtu atoke kitandani. Makumbusho huhifadhi umbo. Wajibu hukaa kwa wanachama, au haukai popote.

Baada ya uhuru, utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa kwanza wa Tanganyika, alijiuzulu uwaziri mwaka huo huo. Vyama vya kikabila mijini, vilivyokuwa vikizika wafu na kukopesha wagonjwa, vilitazamwa kwa shaka, na hofu hiyo ilikuwa na sababu: taifa changa halikutaka kugawanyika. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa miaka kadhaa mkulima wa Magharibi hakuwa na chombo ambacho angeweza kukiita chake.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikazuka Sungusungu. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukawa unyang'anyi wa kuua. Wanavijiji wa mipakani mwa mikoa ya Tabora na Shinyanga hawakungoja. Walijipanga kwa pinde na mishale, filimbi na ukelele wa hatari, wakamchagua kiongozi na kumwita mtemi, cheo kilichokuwa kimefutwa na sheria miaka karibu 20 kabla. Aliyekataa kutoka filimbi ilipolia alitengwa: hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumzikia. Wizi ulipungua sana, na mwaka 1989 sheria ililitambua jeshi hilo la jadi. Lakini kivuli chake ni kizito. Pengine watuhumiwa waliuawa bila kuhukumiwa, na wanawake, hasa wazee, waliteswa kwa tuhuma za uchawi. Historia ya vyama vya wenyeji isiposema hivyo huwa ngonjera. Chama kinachoweza kumwita kila mtu usiku kinaweza pia kumgeukia mnyonge mmoja usiku huo huo. Kuongozwa na wenyeji ni haki. Si hati ya usafi.

Leo mlango wa chama uko mahali pengine. Vikundi vya sanaa vinatazamwa na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mashirika yanayotaka kusaidia jamii na mila yanasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Katiba huandikwa, madhumuni hutajwa, hesabu hukaguliwa. Hakuna ubaya katika hesabu kukaguliwa. Wayeye nao walijua nani ametoa na nani hajatoa. Tatizo ni kwamba fomu huuliza kuhusu malengo na walengwa, lakini haiulizi nani atamzika nani. Kikundi kikigeuka kuwa cha kucheza mbele ya wageni wa heshima, kwa fulana za mfadhili na kwa dakika 10, nyimbo hubaki zile zile, huku sababu ya kuziimba ikiwa imeondoka.

Utemi wenyewe umerudi kwa sura hiyo ya chama. Mwezi Septemba mwaka 2021, huko Kisesa mkoani Mwanza, machifu waliokusanyika katika umoja wao walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, wakampa jina la Chifu Hangaya. Katika tendo hilo bara lilimfanyia mtu wa kisiwani jambo ambalo vyama vyake vilijua kulifanya siku zote: kumwingiza mgeni kwa jina na kwa ada, bila kumuuliza nasaba. Swali linalobaki ni lile lile la kiingilio: jina hilo linamdai nani afanye nini kwa nani?

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya kupendekezwa kwa Urithi wa Dunia, pamoja na vituo vyake, kutoka Bagamoyo hadi Kwihara na Ujiji. Ni vema nyumba zikarabatiwe. Lakini urithi mkubwa wa njia ile haukujengwa kwa udongo. Ulikuwa ustadi wa watu wasio na serikali moja, wala ukoo mmoja, wala maandishi, wa kukutana katika chungu kimoja na kuahidiana kwamba hakuna atakayeanguka peke yake. Ustadi huo ndio uliowafikisha pwani, na miongoni mwa waliofika, au walioletwa, alikuwamo mtu ambaye damu yake iliimba katika Siti.

Basi anayetaka kuusaidia utamaduni wa Unyamwezi, awe mwenyeji wa Ntalikwa, mfadhili wa mbali, au msomi wa kisiwani mwenye kinasa sauti, ana kipimo chepesi mkononi mwake. Asihesabu nyimbo zilizorekodiwa. Aulize kama waimbaji bado wanalimiana mashamba, kama bado wanachangiana hospitali, kama mmoja wao akifa wengine wataacha kazi zao na kuja na ngoma. Wakijibu ndiyo, wimbo una mwenyewe, na utajitunza. Wakijibu hapana, kinachohitaji kuokolewa kwanza si wimbo.